Mwalimu wa HKL, miaka 40 na kitu, unataka unesi Marekani? Sikiliza hii kwanza

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa zangu wote shikamooni. Karibuni tena. Kwa wageni, mimi ndiye yule Madam wa Houston, Texas. Nyumbani Tanzania nilifundisha Historia na Kiswahili sekondari, huku ni nesi, RN kamili (nesi aliyesajiliwa), wodi ya wagonjwa wa moyo.

Leo naongea na walimu wenzangu. Wewe uliyevuka arobaini, una makaratasi ya kuishi na kufanya kazi Marekani, halafu unaniandikia usiku wa manane kuuliza kama umechelewa. Mambo ya viza sitayagusa, yanabadilika kila kukicha na mimi si mwanasheria.

Hujachelewa. Nyumbani ukifika umri huo unaanza kupiga hesabu za kustaafu, 55 kwa hiari, 60 kwa lazima, na kila mtu anakuona kama safari imekwisha. Huku nimesoma na akina mama wenye wajukuu, na hakuna mwalimu aliyewauliza walizaliwa lini. Umri si tatizo. Walimu wetu ninaowaona wakikwama wanakwama kwenye vitu viwili, kombi, yaani mchanganyiko wa masomo uliosoma sekondari, na ovataimu.

Kombi kwanza. Kwetu ukitaka stashahada ya uuguzi wanaangalia cheti chako cha kidato cha nne, Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwemo. Mimi ni mtu wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, Fizikia niliagana nayo mapema sana. Kwa hiyo kwa mfumo wetu, suala la unesi lilishaamuliwa nikiwa binti mdogo, na ukishaambiwa hivyo utotoni unakua ukiamini kabisa kwamba sayansi ni ya watu wengine. Komyuniti koleji ya huku, chuo cha umma cha miaka miwili, haina habari na Fizikia yako ya kidato cha nne. Wanapima Kiingereza chako na hesabu, kisha unaanza Anatomia na Fiziolojia ya kwanza, ya pili, Mikrobiolojia, na mengine kulingana na chuo. Alama unazopata sasa, ukiwa mtu mzima, ndizo zinazokupeleka kwenye programu ya uuguzi.

Na hapo ualimu unakubeba. Kila Jumapili jioni nilikaa mezani nikaandika azimio la kazi la wiki, kama nilivyokuwa naandika kule shuleni, ila safari hii mwanafunzi ni mimi. Mada ngumu niliiandalia andalio la somo, nikawaketisha wanangu kwenye kochi nikawafundisha. Jinsi damu inavyoingia moyoni upande wa kulia, inavyokwenda kwenye mapafu, inavyorudi upande wa kushoto na kusukumwa mwilini. Wakiuliza swali nikakosa jibu, najua pa kurudia kusoma. Mtu aliyefundisha darasa la wanafunzi themanini kwa ubao na chaki anajua kuvunjavunja somo likaeleweka. Hilo vijana wengi niliosoma nao hawakuwa nalo.

Sasa ovataimu. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Wengi wetu tunaanzia CNA, msaidizi wa nesi. Mafunzo ni mafupi. Sheria ya shirikisho inataka saa zisizopungua 75, hapa Texas ni 100, halafu mtihani. Najua nyumbani watasema, "Mwalimu mzima na digrii yake amekwenda kuosha wazee." Naomba tuliheshimu hili neno kuosha wazee. Unamwogesha mtu ambaye alikuwa fundi, jaji, mama wa watu. Unafunga mlango, unavuta pazia, unapima joto la maji, unamwambia kila unachotaka kufanya kabla hujamgusa. Unafunua mkono, unauosha, unaukausha, unaufunika, ndipo uende mkono wa pili, asibaki uchi hata dakika moja. Asiyeweza kujigeuza unamgeuza kila saa mbili, mchana na usiku, mgongo na nyonga zisioze kwa kulaliwa. Nesi mzuri ninayemjua mimi hajasahau kazi hii.

Ila usikae hapo. Takwimu za serikali ya Marekani za 2023 zinaonyesha mshahara wa kati wa msaidizi wa nesi ulikuwa kama dola 38,200 kwa mwaka, wa LPN, nesi wa ngazi ya chini ya RN, kama 59,700, wa RN kama 86,000. Sasa ukishapata CNA, ukizidisha saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Unachukua shifti mbili mbili. Nyumbani msingi unachimbwa, tofali zinapanda, ada za wadogo zinalipwa, kila mtu anakushukuru kwenye simu. Na darasa la Anatomia unaliahirisha muhula huu, na ujao, na mwingine. Nina rafiki zangu, watu wenye akili kunishinda, bado wako pale pale, mgongo umeanza kuuma, na nyumba mbili Kibaha wamejenga ambazo hawajalala hata siku moja. Inaniuma, na ndiyo sababu nimewasha kamera leo.

Kwa hiyo nawaomba, kabla hujachukua shifti ya ziada, jiandikishe somo moja. Hata moja tu. Na waambie ndugu zako ukweli: nitatuma kidogo kwa miaka kadhaa, ninasoma. Mazungumzo hayo ni magumu, mama yangu alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani imekatika. Lakini ni afadhali yafanyike mapema.

Kuhusu ada kuna jambo watu hawaambiwi. Mwenye Green Card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kuomba msaada wa fedha wa serikali ya shirikisho, lakini ile ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, hapewi mwenye digrii ya kwanza, hata kama digrii ni ya Tanzania. Mwalimu wa stashahada anaweza kuipata. Mwalimu wa digrii atabaki na mikopo, na ufadhili wa vyuo au hospitali. Usidanganye kwenye fomu kwamba huna digrii. Ikigundulika ni kesi.

Mwenye digrii naye ana njia yake ya mkato, BSN (digrii ya uuguzi) ya haraka, miezi kama 12 hadi 18. Ila vyuo vingi ada yake ni kubwa, na kazi huwezi kufanya, masomo yanakumaliza. Kama una watoto na kodi ya nyumba ni yako peke yako, mimi nasema chukua ile ya miaka miwili ya komyuniti koleji, uwe RN, uanze kazi, kisha BSN uimalizie mtandaoni. Leseni ni ile ile, mtihani ni ule ule wa NCLEX, maswali kati ya 85 na 150 kwenye kompyuta, muda wa juu saa tano. Mtihani huu haukuulizi hoja sita na mifano. Unakupa wagonjwa wanne na kukuuliza nani unamwona kwanza.

Na ukishavaa sare hiyo, ualimu unaendelea. Majuzi nilikuwa namruhusu mzee mmoja atoke hospitali, moyo wake hausukumi damu vizuri. Anatakiwa ajipime uzito kila asubuhi, akishatoka chooni, kabla ya chai. Ukiongezeka pauni tatu kwa siku moja au tano kwa wiki, apige simu kliniki, maana ni maji yanajaa. Nikaeleza, akawa anaitikia ndiyo, ndiyo. Walimu, mnaijua hiyo "ndiyo". Ni ile ya darasa zima, "Tumeelewa Madam!" na ukisahihisha madaftari unakuta hakuna kitu. Nikamwambia, babu, hebu nieleze wewe, kesho ukiamka utafanyaje? Akasema nitajipima miguu ikianza kuvimba. Tukaanza upya, mpaka akanieleza yeye, na mkewe akaandika kwenye kalenda.

Sasa niandikieni hapo chini una stashahada au digrii, ulisoma kombi gani, uko jimbo gani na unafanya kazi gani sasa hivi. Majimbo yanatofautiana, wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) ushauri wao haufanani. Wiki ijayo nitajibu kwa majina ya kombi, nikianza na HKL na HGL, na nitawaonyesha jinsi ya kupeleka vyeti vya Tanzania kutathminiwa.