Koo, Tumbo na Kifua: Muuguzi Kabla Daktari Hajafika

MWALIMU: Wasikilizaji, karibuni katika kipindi chetu. Mimi hufundisha uuguzi chuoni, na mwenzangu Sista yuko katika chumba cha dharura cha hospitali ya wilaya, kwa hiyo leo yeye ndiye atakayesema zaidi. Sista, wanafunzi wangu hujibu vizuri mtihani wa njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu, lakini wakimpokea mgonjwa wa kweli, mara nyingi haraka yao ndiyo inayomdhuru. Tuanze na koo.

SISTA: Asante, Mwalimu. Mtoto akiletwa ameketi huku ameinamia mbele, mate yanamchuruzika kwa kuwa hawezi kuyameza, na kila anapovuta pumzi inasikika sauti ya kukwaruza, muuguzi asimlaze chali wala asichukue kijiti cha kukandamizia ulimi ili achungulie. Uvimbe ulio juu ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, unaweza kuziba tundu dogo lililobaki pindi mtoto anapolia au kutapika. Mtoto abaki mapajani mwa mama yake, oksijeni isogezwe karibu na uso bila kumlazimisha barakoa, na mtaalamu wa usingizi aitwe pamoja na daktari anayeweza kufungua njia ya hewa shingoni.

MWALIMU: Na aliyepaliwa?

SISTA: Anayeweza kukohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kutoa sauti apigwe mapigo 5 kati ya mabega, kisha asukumwe tumbo mara 5 juu ya kitovu, na mzunguko huo urudiwe mpaka kitu kitoke au mgonjwa apoteze fahamu, ambapo tunaanza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 hasukumwi tumbo, kwa sababu ini lake linaweza kupasuka. Yeye husukumwa kifua. Kidole kisiingizwe kinywani kutafuta kitu kisichoonekana.

MWALIMU: Nyumbani aliyekwamwa na mwiba wa samaki huambiwa ameze tonge kubwa la ugali.

SISTA: Tonge hilo linaweza kuuzamisha mwiba zaidi katika ukuta wa umio, yaani njia ya chakula, na sisi humpokea mgonjwa baada ya siku kadhaa akiwa na homa na shingo iliyovimba. Hatari zaidi ni betri bapa ndogo za rimoti na vichezeo, ambazo zikikwama kwenye umio huanza kuunguza ndani ya saa 2. Kwenye picha ya eksirei huweza kudhaniwa kuwa sarafu, ila ukitazama ukingo wake utaona duara mbili. Mtoto huyo hatapishwi, na hangoji foleni.

MWALIMU: Niruhusu niulize kuhusu kukatwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, maana wengi hulipita jambo hili kwa aibu.

SISTA: Wanaletwa, Mwalimu. Mtoto amekohoa kwa wiki kadhaa, familia imeshauriwa akatwe kimeo, na usiku anafika kanga ya mama ikiwa imelowa damu. Muuguzi anayeanza kwa kumkaripia mama hupewa historia ya uongo, na bila historia ya kweli hatajua damu inatoka wapi wala imetoka kwa muda gani. Mtoto aliye macho akae akiinama mbele ili ateme damu. Aliyelegea alazwe ubavu, na ncha ya mashine ya kufyonza damu iingie kinywani mpaka pale tu macho yanapoona. Anayemezameza mate kila mara huku kinywa kikionekana kisafi huenda bado anavuja damu na kuimeza, kwa hiyo mapigo ya moyo na ubaridi wa viganja vitakueleza mengi kuliko kitambaa. Wekeni kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, pimeni kundi la damu, na msisahau kwamba kikohozi kilichowafikisha kwa mkataji bado hakijatibiwa.

MWALIMU: Tumboni je?

SISTA: Tumbo lililokakamaa, ambalo mwenyewe hataki hata shuka liliguse, ni la chumba cha upasuaji mpaka ithibitike vinginevyo. Ndugu wana chupa ya chai na uji tayari, na ni kazi yetu kuwaeleza kwa upole kwa nini mgonjwa hapaswi kula wala kunywa. Kanula ziwe mbili na ziwe kubwa, za kijivu au za kijani, kwa kuwa ile ya bluu, iliyo nyembamba, haiwezi kurudisha haraka damu iliyopotea. Kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe mimba, hata akisema haiwezekani, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ikipasuka huua ndani ya saa chache, na maumivu yake wakati mwingine husikika begani.

MWALIMU: Wapo wanaozuia dawa ya maumivu wakihofia itamficha daktari ugonjwa.

SISTA: Hofu hiyo imepitwa na wakati. Mgonjwa aliyetulizwa hupimika vizuri zaidi, na kumwacha agugumie hakumsaidii yeyote.

MWALIMU: Tumalizie na kifua.

SISTA: Mtu wa makamo anayelalamikia chembe ya moyo huku akitoka jasho jembamba mara nyingi hupewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani. Mimi huomba kipimo cha umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu afike. Majeruhi wa bodaboda naye, akihema kwa shida huku upande mmoja wa kifua haunyanyuki na presha inashuka, hangoji eksirei. Hewa iliyojibana kati ya pafu na ukuta wa kifua hutolewa kwanza.

MWALIMU: Akishawekewa mrija wa kifua na kupewa rufaa?

SISTA: Hapo ndipo ninaposhika mkono wa muuguzi anayemsindikiza. Chupa ya maji ambamo mrija huo unaishia ikae chini ya usawa wa kifua muda wote, na asiinyanyue juu ya tumbo la mgonjwa wakati wa kuhamisha machela, kwa sababu maji yanaweza kurudi kifuani. Mrija unaovujisha hewa usibanwe kwa koleo, hata dereva akisema chupa inamsumbua. Maji yanayopanda na kushuka kwa kila pumzi yanaonyesha kwamba mrija uko wazi; yakitulia ghafla, atazame kwanza kama mgonjwa ameulalia. Chupa ikivunjika, ncha ya mrija itumbukizwe sentimita 2 ndani ya maji safi, na ndiyo maana chupa ya pili yenye maji huwekwa ndani ya gari kabla halijaondoka.