Ziwa Moja, Kanuni Tatu: Mhadhara kuhusu Ushirikiano wa Uvuvi katika Ziwa Victoria

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi, mliotoka mialoni, huko samaki wanakopokelewa, wavuvi, wachakataji, wanafunzi wa fani ya uvuvi, na wageni wetu kutoka Kenya na Uganda: asanteni kwa kuitikia wito.

Nimeombwa nizungumzie ushirikiano wa serikali zetu katika kusimamia uvuvi na ufugaji wa samaki. Nitakaa zaidi kwenye Ziwa Victoria, kwa sababu hapa ndipo tumejaribu kwa muda mrefu, na mafanikio na upungufu wetu vyote vinaonekana. Niseme mapema ninachokiamini. Mkataba tunao, chombo cha pamoja tunacho, na wataalamu tunao. Tunachokosa ni kanuni moja inayoanza kutumika siku moja pande zote tatu, pamoja na fedha ya uhakika ya kuisimamia.

Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tanzania ina asilimia 51 ya maji, Uganda 43, Kenya 6. Asiyelijua ziwa akisikia hesabu hiyo atadhani Kenya ni msindikizaji tu. Sivyo. Soko la Kenya hula samaki wengi kuliko wanaovuliwa kwenye asilimia zake sita, na mahitaji hayo yanavuta samaki kutoka maji ya majirani zake wawili. Kwa hiyo uamuzi unaopitishwa Nairobi unabadilisha bei kwenye visiwa vya Ukerewe, na uamuzi wa Dodoma au Kampala unafika sokoni Kisumu hata kabla ya barua ya wizara.

Wazo la kulisimamia ziwa hili kwa pamoja ni la zamani kuliko mataifa yetu. Nyavu za makila, zile za kutega, ziliingia Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, mwaka 1905, na ndani ya miaka 20 hivi ngege, samaki aliyekuwa akiliwa na kupendwa kuliko wote, alikuwa ameanza kupungua. Mwaka 1927 hadi 1928 mtafiti Mwingereza, Michael Graham, alilizunguka ziwa akipima samaki na nyavu. Ripoti yake ya 1929 ilipendekeza mambo mawili ambayo mpaka leo tunayajadili: nyavu zisiwe na matundu chini ya inchi tano, na kuwe na mamlaka moja ya kukusanya takwimu za ziwa zima. Katika miaka ya 1930 kanuni ya inchi tano ilianza kutumika. Mamlaka ya pamoja ilichelewa hadi 1947, na haikudumu sana. Kanuni ya inchi tano nayo ikalegezwa na kuachwa, kila upande kwa wakati wake. Ngege hakurudi tena kama alivyokuwa.

Nawaomba wanafunzi watazame vizuri kipindi kinachofuata. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa muda mrefu alikuwa haba. Halafu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, akalipuka: kwanza upande wa Kenya, kisha Uganda na Tanzania. Furu, wale samaki wadogo wa aina zaidi ya mia tano, wakatoweka kwa makundi. Viwanda vya minofu vikajengwa, mialo ikajaa watu, na uchumi mzima wa kanda ukageuka. Sasa oanisheni hilo na tarehe nyingine: mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika la utafiti lililokuwa Jinja, Uganda, kwa ajili ya nchi zote likagawanyika, kila nchi ikaanza na taasisi yake. Mabadiliko makubwa kuliko yote yaliyowahi kulikumba ziwa hili yalitokea katika miaka ileile ambayo hatukuwa na chombo chetu cha kuyatazama kwa pamoja. Tulikuwa tukikutana chini ya kamati ndogo ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na kamati hiyo ilifanya kazi ya kuheshimika, lakini haikuwa yetu na haikuwa na meno.

Kutoka kwenye kamati hiyo ndiko kulikozaliwa mkataba wa Kisumu. Ulisainiwa tarehe 30 Juni 1994 na nchi tatu, ukaunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, lenye makao Jinja. Juu kabisa kuna Baraza la Mawaziri, chini yake makatibu wakuu, kisha wakurugenzi wa uvuvi na wa utafiti, na sekretarieti inayoratibu. Mwaka 2016 mkataba ulirekebishwa ili nchi nyingine za Jumuiya ziweze kujiunga na ili kazi ya shirika ivuke Ziwa Victoria na kufika kwenye maji mengine pamoja na ufugaji wa samaki.

Ni lazima tuelewe shirika hili linaweza nini. Linashauri, linaoanisha, linaitisha vikao, linaandaa miongozo. Halimkamati mvuvi, halina boti ya doria, halitungi sheria. Mawaziri wakikubaliana Jinja au Entebbe, makubaliano yale yanasafiri kurudi nyumbani, yanaingia kwenye wizara, yanasubiri mwanasheria, yanasubiri gazeti la serikali. Nchi moja inamaliza kwa miezi sita, nyingine kwa miaka mitatu, nyingine inabadilisha vipimo njiani. Hakuna aliyevunja mkataba hapo. Lakini mvuvi wa kisiwani anaona kanuni tatu tofauti kutoka kwenye kikao kimoja.

Kuna eneo moja ambalo tumefanya vizuri, na sitaki tuondoke hapa bila kulitaja kwa fahari. Ni takwimu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi daftari tunalo. Tangu mwaka 2000 nchi zetu zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi kwa utaratibu mmoja na kwa wakati mmoja: mialo, mitumbwi, injini, aina za nyavu, ndoana, wavuvi. Dodoso ni lile lile Kalangala kule Uganda, Homa Bay kule Kenya na Musoma hapa Tanzania. Aidha kuna utafiti wa kutumia mawimbi ya sauti, ambapo meli hukata mistari ziwani ikipima wingi wa samaki chini yake. Meli ya utafiti ya nchi moja inaingia maji ya nchi nyingine ikiwa na watafiti wa nchi zote tatu, na matokeo yake yanasainiwa na wote. Fikirieni lingekuwaje kama kila nchi ingekuja mezani na hesabu yake ya sangara. Tungeanza kila kikao kwa kubishana kuhusu idadi. Leo tunajua kwa pamoja kwamba ziwa linatoa karibu tani milioni moja za samaki kwa mwaka, na kwamba zaidi ya nusu ya uzito huo ni dagaa.

Na hapo kwenye dagaa ndipo ninapotaka kukaa.

Wengi wenu mnaijua kazi ile kwa macho. Mwezi unapokuwa giza, wavuvi hutoka jioni na taa zao, zamani karabai, siku hizi balbu za betri na sola zilizofungwa kwenye vyelezo. Taa huachwa zielee. Dagaa huusogelea mwanga taratibu, na baada ya muda maji chini ya taa hung'aa kwa wingi wao. Wavu huzungushwa, huvutwa, na taa inayofuata huendewa. Sasa wavu ule una tundu la milimita chache tu. Ukiwa na tundu la milimita 10, dagaa wachanga wengi wanapita. Ukishuka hadi 6 au 5, hawapiti, na pamoja nao mnavuta vifaranga vya sangara na furu waliokuwa wameanza kurudi. Nimewahi kuinamia beseni la dagaa waliotoka kwenye wavu wa tundu dogo karibu na ufukwe: ukichambua kwa kidole unakuta sangara wa urefu wa kidole hichohicho, mmoja baada ya mwingine. Hao wangefika sentimita 50, kipimo cha chini tulichokubaliana kwa sangara kanda nzima.

Kenya hufunga uvuvi wa dagaa, wao wanaita omena, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai. Uganda na Tanzania hazifungi kwa tarehe hizo. Matokeo yake mnayafahamu nyinyi wafanyabiashara kuliko mimi. Aprili inapofika, mtumbwi wa Kenya unapandishwa ufukweni, bei inapanda Kisumu, na dagaa wa majirani wanaanza kuvuka mpaka. Mvuvi wa Kenya anakaa miezi minne bila kipato huku akila dagaa waliovuliwa kwenye ziwa lilelile. Mwenzake wa Uganda au Tanzania anavutwa na bei nzuri kuongeza taa na kuongeza nyavu katika miezi ambayo mwenzake ameambiwa dagaa wanazaana. Kama miezi hiyo ni ya kuzaliana, basi tufunge wote. Kama si ya kuzaliana upande wa kusini, basi watafiti waseme hivyo hadharani, na Kenya ipewe sababu ya kubadili tarehe zake. Msimamo wa tatu, wa kila nchi kubaki na tarehe yake na tuendelee kuuita ushirikiano, mimi siukubali.

Na kufunga kwa pamoja kunawezekana. Tazameni Ziwa Tanganyika. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilisaini mkataba wao Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, ukazaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Kwa miaka mingi watu walisema ziwa lile haliwezi kufungwa, maana ni nchi nne na hali zake ni tofauti sana. Hata hivyo mwaka 2021 walikubaliana hatua za pamoja, na mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti kwa msingi wa makubaliano hayo. Haikuwa rahisi. Watu wa Kigoma, Katavi na Rukwa walilia, na kilio chao kilikuwa cha haki, kwa sababu kufunga ziwa bila kumpa mvuvi mahali pengine pa kushika ni kumhamishia yeye gharama ya uhifadhi. Lakini jambo limethibitika: serikali nne zinaweza kuweka tarehe moja kwenye kalenda.

Hata sisi tumewahi kwenda kwa mwendo mmoja, ingawa aliyetusukuma alikuwa mnunuzi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili baada ya taarifa za wavuvi kutumia sumu. Viwanda vilisimama, bei ya sangara mwaloni ikaporomoka. Kwa muda mfupi nchi zote tatu zilirekebisha ukaguzi, zikaimarisha maabara na mialo ya kupokelea samaki. Tuliyaweza kwa sababu soko lilifungwa kwetu sote kwa pamoja. Mazalia yanapokufa hakuna barua inayotoka Brussels, na ndiyo maana tunachelewa.

Juu ya doria nitasema kwa ufupi, ingawa najua ndilo jambo linalowauma wengi. Mwaka 2017 Uganda ilipeleka jeshi ziwani. Mwanzoni mwa 2018 Tanzania iliendesha Operesheni Sangara. Novemba 2018 Kenya ilizindua kikosi chake cha walinzi wa pwani. Nguvu tatu, ziwa moja, bila kituo kimoja cha mawasiliano wala kipimo kimoja cha adhabu. Mvuvi aliyevuka mstari asiouona usiku anapoteza injini, nyavu na pengine uhuru wake. Kisiwa cha Migingo, kinachogombewa na Kenya na Uganda na ambacho hakifiki hata ekari moja, kimechukua muda mwingi wa viongozi wetu kuliko nyavu haramu za timba na makokoro ya kuburuta yanayoharibu mazalia ya kanda nzima. Na ndugu zetu wa BMU, ambao wamewahi kufikia zaidi ya vikundi elfu moja kuzunguka ziwa, wamekuwa wakisukumwa pembeni kila askari anapoingia, ilhali wao ndio wanaojua nani ana wavu gani.

Sasa vizimba. Ufugaji wa sato kwa vizimba, yaani ndani ya nyavu zilizofungwa kama uzio ziwani, umekua haraka, hasa katika miaka kumi iliyopita, na nauunga mkono. Ziwa haliwezi kulisha watu wanaoongezeka kwa uvuvi peke yake. Lakini kizimba si bwawa la mtu shambani. Chakula kisicholiwa kinazama kwenye maji ya wote, na maji yenye oksijeni kidogo yakipanda kutoka chini, samaki wa vizimba vya jirani hufa kwa usiku mmoja. Vifaranga husafirishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, na magonjwa husafiri nao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 uligundua dalili za virusi vya sato, TiLV, kwa samaki wa kufugwa na wa ziwani upande wa Uganda na Tanzania. Miongozo ya pamoja ya vizimba ipo. Haina nguvu ya sheria. Ningependa kila kundi la vifaranga linalovuka mpaka liwe na cheti cha afya kinachotambuliwa na nchi zote, na nchi itakayoona vifo vya ghafla iwajibike kuwaarifu majirani ndani ya saa 24. Hili halihitaji mkataba mpya. Linahitaji wakurugenzi watatu kukaa siku mbili.

Mwisho ni fedha. Kazi nyingi za pamoja, zikiwemo sensa na tafiti za meli, zimetegemea sana miradi ya wafadhili. Mradi ukiisha, meli inafungwa gatini na takwimu zinakatika. Sangara na mabondo yake, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yanaingiza fedha za kigeni kila wiki. Tukitenga tozo ndogo kwa kila kilo inayouzwa nje, ikaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa utafiti na doria za pamoja, na hesabu zake zikabandikwa mialoni kila robo mwaka ili mvuvi azisome, hatutahitaji kumsubiri mfadhili ili tujue ziwa letu lina samaki kiasi gani.

Viongozi wa BMU mlioko hapa, mnakutana na wabunge wenu. Ulizeni swali moja: waziri wetu alisaini nini kwenye kikao cha mwisho cha Baraza, na kimefika wapi? Nipo tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na wageni wetu kutoka Kenya juu ya hizo tarehe za omena.