Laptopu ya zamani iwe stoo ya picha: Debian na Syncthing, hatua kwa hatua

Mambo vipi wadau, karibuni. Laptopu hii mnayoiona, kioo kimepasuka pembeni na kibodi ina herufi mbili zilizokufa, leo tunaigeuza stoo ya picha za nyumba nzima. Picha zinatoka kwenye simu zinaingia humu. Hazilali kwenye kompyuta ya mtu mwingine na hakuna ada ya kila mwezi. Niseme mapema nisije nikasemwa: laptopu used nauza, na UPS ndogo za ruta (betri za akiba umeme ukikatika) nauza, hapa hapa Arusha. Programu tutakazotumia, Debian (mfumo endeshi wa kompyuta) na Syncthing (inayonakili folda kutoka kifaa kimoja hadi kingine), siuzi, na mtu asikuuzie.

Mahitaji. RAM GB 4 inatosha kabisa. Diski ya nje ya TB 1, fleshi ya GB 8 ambayo uko radhi ifutwe, waya wa mtandao wa kuchomeka kwenye ruta, na bando la kama GB 2 la kushushia vitu. Geuza laptopu uikague betri. Ukiona imevimba, kifuniko kimenyanyuka au laptopu inayumba mezani kama kigoda kibovu, itoe betri hiyo, usibahatishe. Betri nzima iache ndani, ina kazi yake baadaye. Puliza na feni. Vumbi la kiangazi la huku mnalijua wenyewe.

Najua mtauliza umeme. Mashine kama hii, kioo kimezimwa, inakula kama wati 20. Wati 20 kwa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 14.4 za Luku kwa mwezi. Haya.

Ingia debian.org, shusha faili ya kusakinishia, netinst ya amd64, fungua Rufus (programu ya Windows ya kuandika faili hiyo kwenye fleshi), chagua fleshi, Start. Chomeka fleshi kwenye laptopu, washa huku unagonga F9 kama ni HP, F12 kama ni Dell au Lenovo. Hapo hakuna la kueleza.

La kueleza ni hili: diski ya nje ISIWE imechomekwa wakati unasakinisha. Ichomoe, iweke kabatini. Kisakinishi kitakuuliza kifute diski gani, na saa nne za usiku macho yamechoka, sda na sdb, majina ya diski hizo, zinafanana kama mapacha. Msiniulize najuaje.

Lugha Kiingereza, saa Dar es Salaam, endelea, endelea... simama. Inapokuuliza nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu, acha wazi. Usiandike kitu. Ukiacha wazi, mtumiaji unayemtengeneza kwenye ukurasa unaofuata anapewa sudo, ruhusa ya kutoa amri za msimamizi. Ukijaza, hapati, na kila amri nitakayotoa humu itakukatalia, halafu utakuja kuandika kwamba video ni ya uongo. Mtumiaji wangu nimemwita nyumbani. Kwenye diski chagua itumie diski nzima. Orodha ya mwisho: toa tiki kwenye Debian desktop environment na kwenye GNOME, weka tiki kwenye SSH server (ya kuiendesha mashine kutoka kompyuta nyingine), acha standard system utilities. Hatutaki madirisha wala rangi, tunataka mashine ikae kimya ifanye kazi.

Wakati mstari unatembea, neno moja. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na jina ni Debra, mpenzi wake, kuunganishwa na Ian. Wazungumzaji wa Kiingereza wanahangaika mpaka leo kueleza programu huru, maana kwao neno la huru na la bure ni lile lile. Sisi tuna mawili. Debian ni bure, sawa, ila kilichonifanya niipende ni kwamba ni huru: unaona imeandikwaje, unaibadilisha, na hakuna atakayeamka asubuhi akakufungia.

Imemaliza. Toa fleshi, iwake upya, ingia kwa jina lako. Kwanza tuizuie isilale ukifunga kifuniko:

sudo mkdir -p /etc/systemd/logind.conf.d
sudo nano /etc/systemd/logind.conf.d/kifuniko.conf

Ndani andika mistari miwili. Wa kwanza [Login], pamoja na mabano yake. Wa pili HandleLidSwitch=ignore. Hifadhi, kisha sudo reboot. Ikirudi andika ip a uone anwani yake. Yangu ni 192.168.1.50. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP, uifungie anwani hiyo isibadilike. Funga kifuniko, iweke pembeni. Kuanzia hapa tunaiendesha kutoka kompyuta nyingine, hata ya Windows, kwa PowerShell:

ssh nyumbani@192.168.1.50

Sasa chomeka diski ya nje, andika lsblk. Naona sda, GB 240, hiyo ni ya ndani. Naona sdb, GB 931, ndiyo TB 1 yetu. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024, hujaibiwa. Kabla hujaandika amri inayofuata soma tena ukubwa. Soma mara ya tatu. Hii amri inafuta kila kitu kilichomo, haiulizi... ee. Umeme umekwenda.

Subirini niwashe tochi.

Haya, hii imekuja vizuri kuliko ningeipanga. Angalieni taa ya laptopu: inawaka. Betri imeibeba. Ila hili dirisha langu la ssh limeganda, kwa nini? Ruta imezimika. Mashine nzima, barabara haipo. Ndiyo maana ya hiki kidude, UPS ndogo ya ruta. Ukinunua kwangu au kwa mwingine, kwanza soma chini ya ruta yako: ni volti 12 au 9? Ampea ngapi? Na kuna kimchoro cha duara kinachoonyesha chanya iko katikati au nje; nyingi iko katikati. Ukiipa ruta ya volti 9 volti 12 utapata harufu, si intaneti.

Umerudi. Naunganisha tena ssh. Narudia lsblk, sitegemei kumbukumbu, maana majina yanaweza kuhama mashine ikiwaka upya au waya ukichomolewa. Bado ni sdb, na sehemu yake ya kwanza ni sdb1. Twende:

sudo mkfs.ext4 -L picha /dev/sdb1
sudo mkdir /mnt/picha
sudo nano /etc/fstab

Mwisho wa faili ongeza mstari huu:

LABEL=picha /mnt/picha ext4 defaults,nofail 0 2

Hilo nofail usiliache. Bila hilo, siku waya wa diski umelegea mashine itasubiri sekunde 90 halafu itagoma kuwaka, na kioo umeshakifunga kabatini. Kisha sudo systemctl daemon-reload, sudo mount -a, na baada ya hapo, si kabla, sudo chown nyumbani:nyumbani /mnt/picha. Ukimilikisha kabla ya kupachika, umemilikisha folda tupu iliyo chini, diski yenyewe inabaki ya root.

Syncthing:

sudo apt install syncthing
sudo systemctl enable --now syncthing@nyumbani.service

Ukurasa wake wa kuongozea uko bandari 8384 na unasikiliza ndani ya mashine yenyewe tu. Wengi hapa wanakimbilia kuufungua kwa mtandao mzima. Wa nini? Toka, ingia tena hivi: ssh -L 8384:localhost:8384 nyumbani@192.168.1.50, halafu kwenye kivinjari chako fungua localhost:8384. Umeingia, na jirani anayetumia waifai yako hajaingia.

Kwenye simu ya Android, weka Syncthing-Fork kutoka F-Droid, duka la programu huru. Iruhusu isibanwe na mipangilio ya kuokoa betri, la sivyo simu nyingi zitaiua ukizima kioo. Washa pia kipengele cha kufanya kazi kwenye waifai tu. Ndani ya nyumba, simu na laptopu zinaongea zenyewe kupitia ruta, bando haliguswi. Kompyuta: Actions, Show ID, inatokea QR. Simu: ongeza kifaa, piga QR... kamera yangu inaangalia kidole, samahani... hapo. Kompyuta inauliza kama inamfahamu huyu, kubali.

Sasa tulieni. Sehemu hii ndiyo video yenyewe. Kwa kawaida folda ya Syncthing inakuja Send & Receive, yaani kila upande una sauti. Ukifuta huku, kule kunafutwa. Folda ya seva, yaani laptopu yetu, ikiwa tupu kwa bahati mbaya, simu nayo inaweza kumwagwa. Kwa hiyo simu, folda ya DCIM/Camera: Send Only. Seva, inapopokea ombi la folda: njia andika /mnt/picha/simu-mama, kisha Advanced, Folder Type, Receive Only. Hujamaliza. Bado mama akifuta picha kwenye simu, seva inatii na kuifuta. Nenda File Versioning, chagua Trash Can, siku weka 0, maana yake usisafishe kamwe. Picha iliyofutwa inahamia folda iliyofichwa, .stversions. Nasema tena kwa walioruka mbele: Send Only simu, Receive Only seva, Trash Can sifuri. Hifadhi.

Na kitufe chekundu cha Revert Local Changes kikitokea kwenye seva, usikibonyeze kwa uchafu wa macho tu. Kama ulinakili picha za harusi humo kwa mkono, kitazifuta. Picha za kuweka kwa mkono zitengenezee folda nyingine nje ya Syncthing.

Mara ya kwanza inachukua muda. Picha za GB 60 kwa waifai ya MB 5 kwa sekunde ni saa tatu na dakika 20. Ukiwa mwongoza watalii uliyerudi na simu imejaa simba, acha usiku kucha. Picha za WhatsApp ziko Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media, ongeza kama unazitaka. Mimi za magrupu sizihifadhi.

Majaribio mawili. Nimepiga picha ya huyu jogoo anayetupigia kelele tangu mwanzo, imefika. Naifuta kwenye simu. Kwenye seva: ls /mnt/picha/simu-mama/.stversions. Jogoo yupo.

La pili: nasimamisha Syncthing kwa systemctl stop, sudo umount /mnt/picha, nawasha tena. Ona, nyekundu: folder path missing. Imekataa kufanya kazi, na inakulinda. Usiitengeneze folda kwa mkono! Ukiitengeneza italalamika tena kwamba alama ya .stfolder haipo, ukiiweka na hiyo, umeiambia kwamba folda tupu ndiyo folda halali. Hasira ikikushika nenda kanywe chai. Dawa ni waya: kagua diski, simamisha, sudo mount -a, washa. Kijani.

Diski moja bado ni diski moja. Ya pili ipachike /mnt/picha2 kwa njia ile ile, lebo iwe picha2, halafu kila Jumapili nakili kwa amri hii: rsync -a /mnt/picha/ /mnt/picha2/. Msiongeze --delete hapo, inafuta kwenye nakala kilichofutwa kwenye asili. Mikwaju (/) ile miwili, mwishoni mwa kila njia, iwepo.