Miiko Ndiyo Inayopajenga: Mhadhara juu ya Mahali Patakatifu katika Ulimwengu wa Fantasia

Ndugu waandishi, na nyote mnaoipenda fasihi ya fantasia, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie mahali patakatifu penye nguvu za uchawi katika ulimwengu wa kubuni: mapango, visima, vilele vya milima na misitu isiyokatwa, ambako msafiri wa hadithi hufika akiwa na haja kubwa na kuondoka akiwa mtu mwingine. Nautaja msimamo wangu mapema ili mnipime kwao. Naamini kwamba nguvu ya mahali pa namna hiyo haitokani na wingi wa uchawi ambao mwandishi amedai umo ndani, bali inatokana na miiko inayopalinda na gharama anayotozwa kila anayeingia. Hadithi nyingi hupwaya kwa sababu uchawi umetajwa kwa maneno makubwa ilhali miiko haikufikiriwa hata kidogo.

Tuanze na wazo lililozoeleka, kwamba nguvu hupita chini ya ardhi katika mistari, na mistari hiyo inapokutana ndipo pana hekalu au duara la mawe. Wazo hili lina historia yake. Mwaka 1921 Mwingereza Alfred Watkins alidhani ameona kwamba makaburi ya kale, mawe yaliyosimikwa na makanisa ya Herefordshire yamejipanga katika mistari iliyonyooka. Yeye alisema hizo ni njia za wasafiri wa zamani, basi. Ni watu wengine, kuanzia miaka ya 1960, walioijaza mistari hiyo nguvu zisizoonekana, na fantasia ikaipokea kwa furaha. Sina ugomvi na mistari yenyewe, ila mwandishi akiitegemea peke yake, mahali patakatifu panageuka kituo cha mafuta: mchawi anafika, anajaza, anaondoka, na hakuna aliyeguswa na chochote.

Sasa tazameni Delphi ya Ugiriki ya kale, ambako watu walikwenda kumsikiliza Pythia, mwanamke aliyenena kwa niaba ya mungu Apollo. Hakupatikana kila siku. Palikuwa na siku yake maalumu katika mwezi, na majira ya baridi Apollo aliaminika kuwa hayupo. Aliyekuja kuuliza alitanguliza sadaka, kisha mbuzi wa kafara alimwagiwa maji. Akitetemeka mwili mzima, mungu yu tayari; asipotetemeka, shughuli imekwisha siku hiyo. Plutarch, ambaye mwenyewe alikuwa kuhani wa hapo, anasimulia kisa cha wajumbe waliotoka nchi za mbali. Mbuzi wao hakutetemeka, na makuhani, kwa kutaka kuwaridhisha wageni, wakaendelea kummwagia maji mpaka akalowa chapachapa na kusalimu amri. Pythia akashuka chumbani pasipo hiari yake. Tangu majibu ya kwanza sauti yake ilikuwa imekwaruza, kisha akapiga ukelele wa kutisha na kukimbilia mlangoni, hata wajumbe na makuhani wakatimua mbio. Walirudi baadaye kumwinua, naye hakuishi ila siku chache.

Mwaka 2001 wanajiolojia walichapisha hoja kwamba nyufa za ardhi zinakutana chini ya hekalu hilo na kwamba gesi zilipanda kutoka humo. Wenzao wengine wameipinga. Ni mjadala wenye maana kwa sayansi, lakini kwa mwandishi wa fantasia chanzo cha nguvu kinaweza kubaki gizani bila hasara yoyote. Kinachotutia hofu katika kisa cha Plutarch ni yule mbuzi. Tunaijua kanuni, tunaona watu wenye dhamana wakiivunja kwa sababu ndogo ya adabu kwa wageni, na tunajua kwamba gharama italipwa na mtu ambaye hakuamua lolote. Yote yaliyo mazito katika tukio lile yamebebwa na ndoo za maji.

Miiko huacha alama hata juu ya ardhi. Kaya za Mijikenda, misitu ya pwani ya Kenya iliyotambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008, zilikuwa zimeachwa kama makazi kufikia miaka ya 1940, lakini katazo la kukata miti na kuacha njia lilibaki, na hivyo msitu umesimama hali mashamba yamemeza nchi yote iliyouzunguka. Mgeni anauona mwiko kwa macho kabla hajaambiwa. Huko Ise nchini Japani mambo ni kinyume kabisa: hekalu hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa mwaka 2013, na kiwanja cha jirani hubaki kitupu kikisubiri zamu yake. Huko utakatifu unadumishwa na kazi ya mikono isiyokoma, jambo ambalo fantasia, kwa mapenzi yake makubwa ya magofu, hulikumbuka mara chache mno.

Nijaribu basi kujenga mahali pamoja mbele yenu. Pana chemchemi chini ya mwamba, na anayeinama kunywa maji yake husikia sauti ya marehemu wake kwa muda wa pumzi chache. Malipo yake ni neno moja la lugha yake, ambalo hatalitamka tena maishani, na si yeye anayelichagua. Mkulima mmoja anapoteza jina la ndege na kurudi nyumbani akicheka. Mjane aliyemfuata anapoteza jina la mtoto aliyebaki naye. Mlinzi wa chemchemi, ambaye wajibu wake ni kuyaonja maji kila mwezi unapoandama, amebakiwa na maneno machache sana. Huwapokea wageni kwa mikono, na msichana anayefunzwa kazi hiyo ndiye anayewaeleza maana, huku akijua kwamba kinywa chake kitafuata njia hiyohiyo.

Kisha mfalme anahitaji siri aliyokufa nayo baba yake. Hawezi kumtuma mfungwa anywe kwa niaba yake, kwa kuwa mfungwa atasikia wafu wake mwenyewe. Hawezi kuyachota maji, kwa kuwa yakitoka chini ya mwamba ni maji tu. Inambidi apige magoti yeye mwenyewe, na akirudi ikulu amepoteza neno fulani, tuseme neno "samehe". Tangu siku hiyo watumishi wanajifunza kutolitamka mbele yake, mahakimu wanaogopa kuliandika, na nchi nzima inabadilika kwa sababu ya funda moja la maji. Sikuongeza uchawi wowote tangu tulipoanza. Nimefuata tu kanuni moja na kukataa kuilegeza hata pale ilipomzuia mtu mwenye nguvu, maana pindi inapolegezwa kwa ajili ya shujaa, msomaji huacha kuiheshimu chemchemi.

Limebaki suala la mahali palipokwisha nguvu. Mwisho wa karne ya nne amri za watawala wa Roma zilipiga marufuku ibada za kale, na Delphi ikanyamaza. Katika ulimwengu wa kubuni hapo pana riwaya nzima: mlinzi anayejua kwamba maji hayasemi tena, mahujaji wanaoendelea kufika, na yeye anayepaswa kuamua kama atawaambia. Sijasoma kazi nyingi zilizothubutu kukaa na mlinzi huyo kwa kurasa za kutosha, nami ningefurahi kuzisoma zikiandikwa na mmoja wenu. Nakomea hapa ili tupate muda wa maswali.