Tuanzie kwenye pipeti, mashine iacheni

Wale wa nyuma sogeeni, projekta yenyewe mnaiona ilivyo hafifu. Najua wengi mmekuja niwaambie mashine ipi ya qPCR, ile ya kupima jeni kwa kurudufu DNA, ni nzuri, leo mashine siigusi kabisa.

Chukua majani ya zabibu huko Makutupora, Dodoma, mengine yamemwagiliwa mengine yameachwa na kiu, unataka kujua jeni fulani imepanda kazi kiasi gani. Mashine inakupa Ct, yaani mzunguko ambao mwanga wa DNA inayorudufiwa umevuka mstari wa kuhesabia, na kila mzunguko DNA inakuwa dabo, kwa hiyo ukiteleza mzunguko mmoja tu jibu lako limeshakuwa dabo au nusu. Mmoja!

Mimi nikiwa mwanafunzi nilikuwa naweka cDNA, yaani DNA iliyonakiliwa kutoka RNA ya jani, mikrolita 1 kila kishimo, mkono umechoka, vishimo vitatu vya sampuli moja vinapishana mizunguko miwili halafu natafuta wastani roho kwatu. Siku hizi cDNA naizimua ili niweke mikrolita 4 au 5, vingine vyote nachanganya kwenye kichupa kimoja ndo nagawa, vinapishana 0.3 hivi, basi.

Halafu praima zako, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kurudufu, nani kakuambia zinadabo kweli? Zimua cDNA mara kumi kumi hatua tano, chora mstari wa Ct dhidi ya logi ya kiasi, mteremko wa -3.32 ndo ufanisi wa asilimia 100, yaani dabo kamili, watu tunakubali 90 mpaka 110. Ila hiyo 90 msiichukulie poa, kwa mizunguko 25 ukipiga hesabu na 2 wakati ukweli ni 1.9 umepotea karibu mara 3.6. Na zabibu nayo ina polifeno, kemikali za mmea zinazobana kimeng'enya kinachorudufu DNA, ukizimua mara kumi Ct ikasogea mbili tu badala ya 3.3 ujue ndo zenyewe.

Jeni ya kulinganishia sasa, ile unayotegemea isibadilike ili upimie nyingine. Kila mtu GAPDH, jeni ya kazi za kila siku za seli, ukiuliza kwa nini, eti fulani alitumia. Si sawa na kupimiwa nyanya pale Majengo kwa jiwe linalonenepa mvua ikinyesha? Mmea ukipata kiu GAPDH nayo inaweza kuyumba. Watafiti kina Vandesompele tangu 2002 walishasema tumieni angalau tatu zilizotulia, mimi nikiona moja nafunga ripoti.

Ndiyo, dada wa kitenge, uliza. Kishimo cha maji, kile kisichowekwa cDNA, kimetoa Ct 36? Ct za sampuli zako zipo ngapi? 22? Hapo lala usingizi. Zingekuwa 34 na DNA iliyotoka ni ileile, karibu robo ya unachokiona ni uchafu, mwaga maji hayo, fungua mapya, na pipeti ukaifute.