Umeifua Santuri?

DEO: Kabla hujafungua daftari lako, waambie watu ulichofanya Jumamosi.

ZUHURA: Leo tunazungumzia muziki wa Zambia, Deo.

DEO: Si ndiyo Zambia yenyewe hiyo? Sema.

ZUHURA: Haya. Baba mkubwa, yule wa TAZARA, mnamjua, kahamia kwangu kutoka Mbeya na sanduku lake la chuma. Nafungua, nakuta santuri ya bendi ya WITCH. *Lazy Bones!!*, ya mwaka 1975. Imeota ukungu. Nikachukua karai...

DEO: Ehee.

ZUHURA: Nikatia sabuni ya unga. Kidogo!

DEO: Mama wee, kaifua!

ZUHURA: Nimeiosha.

DEO: Sabuni ya unga ni kufua. Ukaianika wapi?

ZUHURA: Kivulini.

DEO: Na vibanio?

ZUHURA: Ile karatasi ya katikati ikabanduka, ikawa inaelea kama ganda la kitunguu. Umefurahi? Sasa nieleze WITCH ni nani?

DEO: Eleza, dobi.

ZUHURA: Vijana wa Ukanda wa Shaba, kule Zambia. Mwimbaji ni Emanuel Chanda, wakamwita Jagari, kutokana na Jagger wa Rolling Stones. Gitaa linakwaruza kama bati linaburutwa kwenye zege. Rais Kaunda alikuwa ameagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia, basi kila mwenye gitaa akapata pa kusikika. Ndiyo wakaja kuuita Zamrock, yaani rock ya Zambia.

DEO: Halafu bei ya shaba ikaanguka.

ZUHURA: Ikaanguka, na muziki ukaanguka nayo. Baadaye ukaja UKIMWI, ukawapukutisha wanamuziki. Jagari akaishia kuchimba vito.

DEO: Mpaka Now-Again, kampuni ya muziki ya Los Angeles, ilipotoa upya santuri za WITCH, 2012. Muziki uliopotea ukapatikana.

ZUHURA: Hapo ndipo sikubaliani na wewe. Ulipotea kwa nani?

DEO: Kwa dunia.

ZUHURA: Baba mkubwa alikuwa akiipiga Mbeya mpaka sindano ilipokatika. Yeye hakupotelewa na kitu. Kakosa sindano tu.

DEO: Na wewe ukamwoshea.

ZUHURA: Nasema kweli! Mtu wa mbali akikikuta kitu sebuleni kwako, hajakigundua.

DEO: Ila bila huyo mtu wa mbali, Jagari angekuwa bado shimoni na sururu. Akapanda tena jukwaani, akazunguka Ulaya na Marekani, 2023 wakatoa albamu mpya kabisa, *Zango*. Sanduku la baba mkubwa lilimpa nini?

ZUHURA: Lilimpa msikilizaji.

DEO: Msikilizaji hanunui unga.

ZUHURA: Mimi sikatai wamlipe. Nakataa neno "kupotea".

DEO: Na mimi nalirudia. Kitu kikikaa sandukuni miaka arobaini kikaota ukungu, kimepotea.

ZUHURA: Hakijapotea.

DEO: Kimepotea.

ZUHURA: ...Tuendelee.

DEO: Tuendelee. Bado inalia lakini?

ZUHURA: Upande wa kwanza unalia, una mikwaruzo kama mtu anakaanga dagaa. Nikafungua toleo jipya kwenye simu, safi, kila kitu kinasikika. Baba mkubwa akasikiliza nusu wimbo, akasema nizime, nirudishe ya dagaa.

DEO: Ameshajua kuhusu karatasi?

ZUHURA: Macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

DEO: Zuhura!

ZUHURA: Nitaibandika na uji wa ngano! Jamani, dakika mbili zimebaki, na nilikuwa na mambo matatu ya kumwelekeza mtu anayeanza kusikiliza Zamrock.

DEO: Taja la kwanza.

ZUHURA: La kwanza, asianze na WITCH, aanze na bendi ya Musi-O-Tunya, walirekodi Nairobi hapo jirani, ile *Wings of Africa*, halafu ngoma zake...

DEO: Wenye chumba wanagonga.

ZUHURA: Wasubiri kidogo. Ngoma zake...

DEO: Maji yalikuwa ya moto?

ZUHURA: Vuguvugu.