Volti 5 za sensa za gari zimeanguka: chomoa moja moja kabla hujanunua kitu

Haya wadau mambo vipi, nipo hapa Mwanjelwa Mbeya, saa mbili asubuhi na baridi ya leo hata spana unashika kwa kitambaa. Wa Tukuyu mugonile, maana hili gari limetoka kwenu, limepanda usiku na mvua na mikungu ya ndizi. Shida yake linazima hovyo, ukikanyaga mafuta resi haipandi, taa ya cheki injini inawaka. Na kaka mwenye gari ameshauziwa sensa ya throto (kifaa kinachoiambia kompyuta mlango wa hewa ya injini umefunguka kiasi gani), akauziwa na pedeli ya mafuta, zote za mtumba, gari liko vilevile.

Nimechomeka mashine imeleta kodi tatu, yaani namba za makosa, ngoja nisogeze simu muone. P0107, P0122, na hii ya chini P0642. Wengi wanasoma ya juu wanaona MAP, sensa ya presha ya hewa inayoingia injini, wanakimbia kununua MAP. Wewe anza na hii P0642, inasema umeme wa volti 5 ambao kompyuta inawagawia masensa uko chini, ukikuta P0652 ni hivyohivyo ila laini ya pili. Hizo kodi mbili nyingine ni njaa tu, sensa haijala itasemaje kweli?

Iko hivi, betri ni volti 12 lakini sensa nyingi za waya tatu zinakula 5, na hiyo 5 inatoka kontrolo boksi, ndiyo hiyo kompyuta ya gari, kwa waya mmoja unaogawanyika kwenda MAP, throto, sensa ya presha ya gesi ya AC na nyingine, inategemea gari. Sasa mmoja akipiga shoti kwenda bodi, yaani chuma cha gari, anawavuta wote chini.

Kwanza betri, chukua mita weka DC 20, hapa napata 12.5, safi. Betri ikiwa chini ya hapo sana chaji kwanza, usijichoshe.

Pili, weka swichi oni, usistati. Chomoa soketi ya MAP, nyaya tatu hizi: moja 5, moja ethi (negativu), moja signo inayopeleka habari. Kama hujui ipi ni ipi tafuta mchoro wa gari lako, rangi hazifanani gari na gari. Waya mweusi wa mita kwenye negativu ya betri, mwekundu kwenye ile ya 5 na usiingize pini nene ukatanua meno ya soketi, utaleta tatizo jipya. Inatakiwa usome kama 4.9 mpaka 5.1. Mimi nasoma... 1.3. Umeona? Na tafadhali usipime kwa taa ya testa hapa, ile inavuta umeme mwingi kwa laini hii. Tena usichanganye na sensa ya joto ya waya mbili, ukiichomoa ile inaonyesha 5 yake unadhani kila kitu kizima.

Sasa hapa ndio penyewe. Acha mita ikae palepale, mwambie kijana aangalie namba, wewe anza kuchomoa nyingine moja moja. MAP imeshatoka, 1.3. Natoa throto, bado 1.3, kwahiyo ile ya mtumba aliyouziwa kaka wala haikuwa na kosa hata ya zamani haikuwa na kosa, pole kaka. Natoa ya presha ya AC huku mbele karibu na kondensa... eeh! 5.02. Rudisha, 1.3. Toa, 5.02. Kuna kompyuta nyingine hairudishi mpaka uzime swichi uwashe tena, kwahiyo usikate tamaa haraka.

Sogea na simu. Ndani ya soketi kuna unga wa kijani na mafuta, hayo ni mafuta ya kompresa yamevuja kupitia kwenye sensa. Nimesafisha kwa spirei ya umeme, nimekausha, nachomeka tena, inaanguka. Basi sensa yenyewe imekufa.

Ungechomoa zote na volti haijarudi? Hapo zima swichi, toa betri, toa soketi ya kontrolo boksi, pima omu (ukinzani wa umeme) kati ya ule waya wa 5 na bodi. Mita ikisoma omu ndogo waya umeliwa mahali, fuata waya ringi (fungu la nyaya za gari) pale inapopita juu ya gia boksi na kwenye mabano ya chuma, na kwa gari linalolala shamba angalia panya. Ikisoma hakuna mawasiliano kabisa, ndio uanze kuishuku kontrolo boksi, lakini hakiki fyuzi na ethi zake kwanza maana hiyo bei yake inaumiza.

Namalizia hivi, sensa ya AC naiacha bila kuichomeka na soketi nimeifunga nailoni na tepu maji yasiingie, narudisha MAP na throto, nafuta kodi, nastati. Sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, imetulia, kanyaga kaka... resi hiyoo inapanda.

Kaka ananiuliza AC itafanya kazi? Haitafanya mpaka upate sensa nyingine. Anacheka, anasema kwa baridi hii ya Mbeya AC ya nini, yeye anataka ndizi zifike sokoni kabla hazijaiva.